Mstari wa Nne wa Kibao cha Baba

Kibao cha baba kilikuwa na mistari mitatu. Wa nne niliuongeza mimi, nikiwa darasa la pili, kwa hasira. Watu wakisikia habari hii hudhani niliuongeza kwa huruma, nami huwaacha waamini hivyo kwa sababu inanipamba. Lakini haki ya Mungu ilikuwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira tangu utotoni, sikatai.

Kilikuwa kibao cha shaba, upana wake kama daftari lililofunguliwa, chenye matundu manne ya misumari kwenye pembe. Kililetwa nyumbani kwetu, upande wa Mtinko, pamoja na kisanduku cha mbao chenye nishani mbili za utepe. Moja ilikuwa ya wote waliokwenda vita ya Uganda, nyingine ya wale ambao hawakurudi. Baba hakurudi. Mwili wake nao haukurudi. Tuliambiwa amezikwa hukohuko na wenzake, kwa heshima zote. Mimi wakati huo nilikuwa nabebwa mgongoni, kwa hiyo baba yangu nilimjulia kwenye kibao. Mama aliolewa tena Mitundu, wala simlaumu, alikuwa bado binti mbichi. Nikabaki kwa bibi mzaa baba.

Bibi alikipigilia kibao ndani ya nyumba yetu ya tembe, kwenye ukuta wa katikati, juu ya mahali tulipofunga ndama. Kila Jumamosi alikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa kule gizani. Nishani alizifunga kwenye kitambaa, akazitia ndani ya chungu ambacho hakikupikiwa kitu. Kusoma hakujua. Elimu ya watu wazima ilipofika kijijini alihudhuria siku mbili, akaacha. Alisema mwalimu mwenyewe ni kitoto alichokizalisha kwa mikono yake, hawezi leo kuja kumwambia yeye amekosea. Akarudi kwenye uwele wake.

Siku kibao kilipoletwa kilisomwa mbele ya watu, lakini Bibi alikuwa analia na hakusikia hata neno. Baadaye aliona haya kuuliza. Kibao kikakaa ukutani miaka yote hiyo, kinasuguliwa, na mwenye kukisugua hajui kimesema nini.

Basi siku moja nimerudi kutoka shule, nimeshika tonge la ugali, akaniambia niliweke kwanza.

"Njoo hapa, mke mwenza. Wanasema unajua kusoma. Hebu nisomee kijana wangu."

Mke mwenza ndivyo alivyoniita akiwa na furaha. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana hivyo. Nikapanda juu ya kigoda, nikasoma kwa sauti ya darasani. Mstari wa kwanza ulikuwa namba ya baba, cheo chake na jina lake. Wa pili: Alitoa uhai wake kuilinda nchi yetu. Wa tatu: Taifa litamkumbuka daima.

"Endelea," Bibi akasema.

"Nimemaliza, bibi."

"Umemaliza?"

"Ndiyo. Imeishia hapo."

Akanyoosha pindo la khanga yake magotini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Mimi hawakunitaja?"

Hapo inabidi niseme jambo moja ambalo kila mtu wa kwetu alilijua. Siku baba anaondoka, Bibi alimshika shati, akagoma kumwachia, mpaka watu waliokuwa kwenye lori wakaanza kucheka. Baba akamwambia, "Usihofu, mama. Likinipata neno, wenyewe wa jeshi hawawezi kukusahau. Watakushukuru." Bibi alikuwa akilisimulia hilo kila mahali, kwenye kupukuchua mtama, kisimani, msibani. Hakutaka ng'ombe, hakutaka fedha. Alikuwa anangojea hilo neno moja, na miaka yote aliamini kwamba liko pale ukutani, kwenye herufi asizozijua.

Nikakitazama kile kibao. Chini ya mstari wa tatu palikuwa na nafasi tupu ya vidole vinne. Vidole vinne vizima! Nafasi walikuwa nayo, jamani. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto, nikasema, "Ngoja bibi, kuna mwingine huku chini. Herufi zake ni ndogo."

Nikasoma: Na mama yake tunampa pole na shukrani.

Bibi alipiga mapaja yake kwa viganja viwili. "Weee! Soma tena." Nikasoma tena. Akanisomesha mara nne, kila mara akitazama mdomo wangu, halafu akaenda nje akasimama uani peke yake. Ugali wangu ulikuwa umeshapoa na kuku wameudonoa, na hakunigombeza kwa kuuacha wazi. Nikajua nimefanya jambo kubwa, ila sikujua kama ni jema au baya.

Ubaya wa uongo wa namna hiyo ni kwamba haumaliziki kwa siku moja. Kila mgeni aliyeingia, Bibi alinivuta nisome. Nami nilijitahidi kuusema mstari wa nne vilevile, neno kwa neno, kwa maana Bibi alikuwa ameshaushika kichwani kuliko mimi.

Wa kwanza kunigundua alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, tuliyekaa naye ua mmoja. Siku moja aliingia tembeni mchana na tochi, akamulika kibao, akatoka, akanishika sikio.

"Mstari wa nne uko wapi?"

Nikajaribu kulichomoa sikio.

"Umeutoa wapi wewe?"

"Kichwani."

"Leo hii utamwambia bibi yako ukweli. Leo hii!"

Wakati huohuo Bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta, anaongea na jirani aliyekuja kuazima ungo. Tukamsikia wote wawili. "Wameniandika, mwenzangu. Yaani mimi, mtu wa kupeta uwele, nimeandikwa na jeshi." Mkono wa baba mdogo ukalegea sikioni mwangu. Akazima tochi.

"Haya," akasema. "Ulichokianzisha utakimalizia mwenyewe. Mimi simo."

Wa pili alikuwa katekista. Alikuja kusali nyumbani, na Bibi, akijua kwamba huyu ndiye msomaji hasa, akamwomba asome kibao. Katekista akasoma mistari mitatu, akafunga mdomo.

"Umeruka," Bibi akasema.

"Sijaruka, mama."

"Umeruka wa chini."

Katekista akainama, akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndama. Mtu wa Mungu akakohoa. "Aa, huu! Macho yangu haya yamechoka, mama. Hebu asome mtoto, mwenye macho mazuri." Mwaona ujanja huo? Yeye hakudanganya. Dhambi yote ikabaki kwangu, naye akafumba macho tukasali.

Hivyo hivyo habari ikatembea. Mwalimu akajua, mzee wa msikitini aliyekuwa jirani yetu akajua, akina mama wa kisimani wakajua. Hakuna aliyemwambia Bibi. Shuleni watoto walinitania, wakaniita Mstari wa Nne, nikawapiga wawili, lakini hata hao wakija nyumbani walimsalimia Bibi shikamoo na kukaa wasikilize kibao kikisomwa kama kilivyo na kama kisivyo. Mpaka leo nikikumbuka jinsi kijiji kizima kilivyobeba uongo wangu bila kuuangusha, machozi hunilengalenga.

Ikaja miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vimepotea madukani vikarudi vyote kwa pamoja: sabuni, khanga, betri, misumari, na mnadani mitumba ya kila rangi imetandazwa chini. Baba mdogo akapata mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, akaamka. Akafyatua matofali, akayachoma, akaleta saruji na mabati kutoka Singida mjini. Nyumba mpya ilipomalizika akatangaza kwamba tembe livunjwe.

Bibi akamuuliza, "Na kijana wangu atakaa wapi?"

"Kibao tutakitundika sebuleni, mama. Pale karibu na kalenda."

"Kalenda ya dawa ya kupe?"

Bibi akasema kwamba yeye ana jambo lake. Siku hizo saruji ilipopatikana, watu walianza kujengea makaburi, tena wengine wakayapaka chokaa. Jirani yetu alikuwa amemjengea mumewe kaburi zuri hata majogoo walipanda juu yake kuwikia. Bibi alitaka la mwanawe. Alitaka lijengwe uani, kibao kiwekwe juu yake, na yeye akifa alazwe ubavuni pake.

"Kaburi la mtu ambaye hayumo?" baba mdogo akaja juu. "Mama, wewe mwenyewe unajua. Kwetu shimo halichimbwi bila maiti. Unataka limwite nani? Mimi? Watoto wangu?"

Wakabishana wiki tatu. Tembe likaanza kubomolewa upande wa ng'ombe, na Bibi akahamia upande uliobaki, chini ya kibao chake, akagoma kuingia nyumba ya bati. Alikonda. Nikimpelekea chakula alikula vijiko viwili akasema ameshiba, na mimi nikimbembeleza ananiambia nisimsumbue.

Halafu ofisi ya kata ikaleta habari. Wageni wa wilaya, pamoja na afande mmoja wa jeshi, wangezunguka kuzitembelea familia za askari waliokufa vitani na kuweka maua makaburini. Ala! Asubuhi hiyohiyo baba mdogo akakumbuka kwamba ana mifuko miwili ya saruji iliyobaki. Wazee wakakaa, wakakata shauri: lisichimbwe shimo refu, kichimbwe kishimo cha kina cha goti, kisiachwe wazi hata usiku mmoja, na kisiwe kitupu. Ndani yake itawekwa ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akilalia baba alipokuwa mtoto, na nishani ya wale ambao hawakurudi.

"Na hii nyingine ya waliokwenda nitaivaa mimi," Bibi akasema. "Maana na mimi nilikwenda. Mwili tu ndio ulibaki hapa."

Akaanza kula tena. Nilifurahi mpaka nikachinja kuku bila kumwuliza mtu. Lakini wakati namnyonyoa yule kuku nikamsikia Bibi akiwaambia akina mama waliokuja kumpongeza: "Siku hiyo atasoma afande mwenyewe. Sauti ya jeshi! Mstari wangu utasikika mpaka kule kwenye miamba."

Manyoya yaliniganda vidoleni. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, lakini afande hakujua. Angesimama mbele ya watu wote, asome mistari mitatu, anyamaze. Bibi angesema, "Umeruka," na afande angesema hapana, mama, hakuna. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekuwa msichana mkubwa, na usingizi ulinipaa. Nikamfuata baba mdogo kwenye mashine yake ya alizeti. Hakuacha hata kuvuta mkono wa mashine. "Nilishakwambia. Mimi simo."

Fundi aliyekuja kujenga alikuwa mtu wa Iramba, mcheshi, mwenye mdomo usiochoka. Asubuhi alitusomea maandishi yote ya mfuko wa saruji, mpaka uzito wake. Ngozi na nishani vikalazwa, katekista akaomba, mzee wa msikitini naye akaomba kwa namna yake, kishimo kikafukiwa. Baba mdogo akaondoka kwenda mnadani kutafuta mbuzi wa wageni. Fundi akapandisha tofali, akasawazisha juu, akabakiza mahali pa kibao. Bibi alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, kibao kiko mapajani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo wiki nzima. Nikachuchumaa karibu naye.

"Bibi," nikasema, "kibao kikitazama juu, watakisoma wapita njia na mbuzi. Baba atakisoma lini?"

Akanigeukia taratibu. Nikaendelea, maana ukishaanza hujizuii: kwamba barua huelekezwa kwa mwenyewe, kwamba maneno haya ni ya baba na hajawahi kuyaona, kwamba kikilazwa kifudifudi ndipo yeye aliye chini atakapoyaona. Nilichotaka mimi ni afande asikione. Sikutaka kingine chochote.

Bibi alikigeuza kibao kifudifudi mapajani. "Ni kweli," akasema. "Sisi tumekisoma miaka yote hii, na yeye hajakisoma hata siku moja. Mbona hatukufikiri? Fundi! Kibao kitatazama chini."

Fundi akaacha mwiko hewani. "Mama, kibao kina uso na mgongo. Uso unakaa juu."

"Kaburi hili ni la nani?"

"La mwanao."

"Na kibao?"

"Chake."

"Basi wewe na mimi hatuna la kubishana."

Fundi akacheka, akaanza kukoroga saruji ya mwisho. Nikapumua. Nilipumua kwa muda ule ule wa kukoroga saruji, siyo zaidi, kwa sababu Bibi aliendelea kuongea, polepole, anakipapasa kile kibao kwa kiganja.

"Ataukuta na mstari wangu. Atajua kwamba hawakunisahau, kama alivyoniambia kwa mdomo wake. Atatulia sasa."

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Unaweza kucheka, wewe uliyesoma, ukasema wafu hawasomi vibao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na baba yangu sikuwahi kumwambia neno lolote, na neno la kwanza ambalo ningempelekea lilikuwa ni uongo kuhusu mama yake. Angekitazama kibao kutoka chini, angetafuta, angekuta nafasi tupu ya vidole vinne. Angesema: wao hawakumtaja, na mwanangu amemdanganya. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ndiyo ilikuwa imefunikwa kwa tofali.

"Bibi, nipe nikisugue mara ya mwisho," nikasema.

Nikachukua kibao, nikaokota msumari wa inchi nne kwenye vifaa vya fundi, nikaenda nyuma ya kipande cha ukuta wa tembe kilichobaki. Nikakilaza kibao juu ya jiwe. Shaba ni ngumu, jamani, isikie tu kwa watu. Msumari uliteleza ukanichana kidole gumba, damu ikaingia kwenye jina la baba, nikaifuta kwa gauni. Nikaandika herufi kubwa za kukwaruza, moja baada ya moja, jua linanichoma utosini na upepo wa kwetu unanitia mchanga machoni. NA MAMA YAKE TUNAMPA POLE NA. Hapo nafasi ikaisha. Neno shukrani ikabidi nilipindishe, likapanda ukingoni upande wa kulia, herufi za mwisho zikawa ndogo kama nilivyozisema siku ile darasa la pili.

Nilipogeuka, fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya saruji. Sijui alisimama tangu lini. Alikitazama kibao, akanitazama kidole.

"Mimi kusoma sijui," akasema.

Akakichukua, akakilaza kifudifudi juu ya saruji mbichi, akakigonga kwa mpini wa mwiko taratibu kila pembe mpaka saruji ikatoka kwenye matundu manne. Bibi akaweka kiganja juu ya mgongo wa kibao, akakiacha hapo mpaka saruji ikaanza kushika.

Baba mdogo aliporudi na mbuzi wake jioni alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Alitaka tindo, alitaka nyundo, alitaka fundi aitwe arudi. "Nitakuwa kichekesho cha wilaya! Afande atakuja kusoma mgongo wa shaba!" Bibi akavuta kigoda chake hadi kaburini, akaketi, akaagiza chakula chake kiletwe palepale. Baba mdogo akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Si ulisema nimalizie mwenyewe?"

Akaona kitambaa nilichofunga kwenye kidole, akauliza kimefanya nini, nikamwambia msumari. Hakuuliza tena, wala tindo hakuitafuta.

Siku ya wageni watu walijaa uani tangu asubuhi. Bibi alivaa kitenge kipya, na nishani ya waliokwenda ameibana kifuani kwa pini. Afande alikuwa mtu mzima, mrefu, na vumbi la barabara lilikuwa limemjaa kwenye kope. Tuliambiwa amekwishapita nyumba mbili kabla yetu. Alipomwona Bibi alivua kofia kwanza, akainama. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia marahaba, akamwonyesha kaburi kwa mkono.

Afande akaweka maua. Akasimama wima kusoma. Akatazama, akainama, akamtazama diwani aliyekuja naye, naye diwani akamtazama baba mdogo, baba mdogo akatazama viatu vyake.

"Nani amekigeuza?" afande akauliza.

"Mimi," Bibi akasema. "Mwenyewe anasoma."

Afande akanyooka. "Sawa, mama. Lakini mimi nimetumwa niyatamke hayo maneno mbele ya watu. Nitayatamkaje?"

"Nitakutamkia mimi, ufuatishe."

Na Bibi yangu, ambaye hakuijua a wala be, akasimama karibu na kaburi akayasema yote kwa kichwa. Akaanza na namba ya mwanawe, tarakimu baada ya tarakimu, hakukosea hata moja. Akasema cheo, akasema jina. Alitoa uhai wake kuilinda nchi yetu. Afande akafuatisha kwa sauti ya jeshi. Taifa litamkumbuka daima. Afande akafuatisha, akaanza kuvaa kofia, amemaliza.

"Na mama yake tunampa pole na shukrani," Bibi akasema.

Mkono wa afande ukasimama na kofia. Vibao hivi alikuwa amevisoma viwili asubuhi ileile, na maneno yake ni yaleyale. Katekista akainamisha kichwa. Nikamwona mwalimu akifumba macho.

"Huo wa mwisho, mama," afande akasema kwa upole. "Huo umeandikwa?"

Bibi hakushtuka. Alinyoosha tu kidole kuelekea kwangu. "Msomaji huyu hapa. Muulize."

Nikasogea. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Huo mstari umeandikwa?"

"Umeandikwa, afande."

"Umeuona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu," nikasema, nikimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili sikuwa ninadanganya. "Uko chini ya wa tatu. Neno la mwisho limepinda kidogo."

Akanitazama. Akashuka na macho mpaka kwenye kitambaa cha kidole changu, akakaa hapo muda. Kisha akavaa kofia, akaiweka sawa, akageuka akalipa kaburi mgongo. Akasimama mbele ya Bibi, visigino pamoja, akampigia saluti.

"Basi kama umeandikwa, sisi ndio tuliochelewa. Mama, tunakupa pole. Na tunakushukuru."

Wanawake wakapiga vigelegele na kulia hapohapo. Baba mdogo alilia kuliko wote, na mimi nilimwona akijifuta kwa kofia ya diwani. Bibi peke yake hakulia. Alimwangalia afande toka kofia mpaka viatu, akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Haya. Nimesikia," akasema. "Mmechelewa kweli. Ingieni ndani mle, mbuzi anapoa."

Usiku huo alilala kwenye nyumba ya bati kwa mara ya kwanza.

Bibi alikufa miaka kadhaa baadaye, na tukamlaza ubavuni pa kaburi lile kama alivyotaka. Watoto wa baba mdogo wamekuwa watu wazima sasa, wanasema ni aibu kibao kutazama chini, tukibandue, tukigeuze, tukipige rangi. Wakileta maneno hayo mimi huwa mkali kuliko nyuki wa Itigi. Wanadhani ni ukaidi wa uzee.

Lakini Bibi kusoma hakujua, na mimi msomaji wake nimebaki huku juu. Mwenye kibao ndiye aliye naye huko chini. Nataka kiendelee kuwatazama wao, ili kila Bibi akitaka asomewe, baba ampitishe mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na akifika ule wa nne aukute, asilazimike kuutoa kichwani kama nilivyofanya mimi.